Hesabu ya Usiku wa Giza

Kwenye meza ya ghala, Kibirizi,
Luteni Ntiruka alikataza njiti za kiberiti
hata kwa kuigizia mashua,
kwa hiyo tukauvunja ufagio, chelewa za mchikichi.
Moja ndefu: meli ya mafuta, nyuma ya rasi ya Bangwe.
Fupi kumi na tisa zilisubiri kiganjani mwangu.
Ziwa lenyewe lilikuwa gunia la saruji
lililopasuliwa, likalazwa chali.

Mimi ni karani. Silaha yangu ni wino wa bluu,
na hesabu yangu ilikuwa hivi:
petroli, lita elfu sitini;
mpira wa inchi nne, mita mia sita na arobaini
toka ubavuni mwa meli hadi mchangani,
ukielea juu ya mapipa matupu yaliyofungwa kwa katani;
pampu moja, inakohoa;
saa nne na nusu, kama haitakohoa.
Na barabara ya Kasulu magari kumi na mawili yamekauka,
askari waliomo wanatafuna mahindi mabichi.

“Boti za upande wa pili hupita saa sita,”
alisema Koplo Nyamweru,
“na hupita tena saa yoyote wanayotaka.”
Yeye ndiye wa kushika kamba.
Tochi hakuna, filimbi hakuna, redio hakuna.
Mvuto mmoja, fungua. Miwili, funga.
Mitatu, kata mpira, kimbia, usiniite.

Tulitaka usiku usio na mwezi.
Lakini usiku usio na mwezi una wenyewe.
Nani wa Kigoma asiyejua? Mwezi ukifa, ziwa linawaka:
karabai mia, mia mbili,
na dagaa wanapanda kuja kufa kwa kupenda mwanga.
Taa zikibaki karibu, uvujaji wa kikombe kimoja tu
na maji yatashika moto.
Taa zikizimwa zote, adui atajiuliza
watu wa dagaa leo wamelalia nini.

Luteni akazichukua chelewa zangu kumi na tisa,
akazipanga kusini, mbali, chini ya Ujiji.
“Ziwake huko. Jicho hufuata king'aacho.”
Alikuwa akisema juu ya taa.
Nikaandika: taa, kumi na tisa.

Sefu Kilahumba, mwenye mitumbwi,
aliitwa ili aambiwe, si aulizwe.
Akainama juu ya gunia, akahesabu kwa kidole.
“Hapa ni watu sabini na sita, bwana. Wanne wanne.”
Kisha: “Na dagaa wa usiku huo nani analipa?
Huko mnakotupeleka hakuna kitu msimu huu.”

Nje, pampu ilikuwa ikijaribiwa. Ikakohoa.
Nikachora safu mpya pembeni mwa daftari,
dagaa, ndoo arobaini,
na Luteni akatia sahihi bila kuangalia,
kama mtu anayeidhinisha mvua.

Usiku wenyewe siusimulii; sikushika kamba.
Nilikaa gizani na saa yangu,
mpira ukivimba mchangani kama chatu aliyemeza,
na kusini, mara tatu,
ngurumo fupi zisizo za mvua.
Kabla ya alfajiri matangi yalijaa.
Pungufu: lita mia nne na kumi. Imeandikwa.

Taa kumi na nane zilirudi.
Ya kumi na tisa ilikuwa ya Sefu.

Siku ya nne, saa ya uji,
walitokea kwa miguu, wanne, midomo imepasuka,
mtumbwi wameuacha vipande kwenye mawe ya huko chini.
Sefu alikuwa na karabai kichwani, kioo kizima.
Akaiweka mezani pangu, juu ya gunia,
palepale ilipolala chelewa yake.
“Ndoo arobaini,” akasema.

Nikalifungua daftari. Sahihi ipo.
Fedha hiyo, wamenijibu toka Tabora, haina kifungu.
Nimeandika tena. Hii ni barua ya saba,
na karabai bado iko mezani;
amekataa kuichukua.